Ras Mkumbuu: Mji Uliokuwapo Kabla ya Karafuu



Kwa desturi kurasa hizi huzungumzia kuchuma, kuchambua na kuanika. Mara hii twaomba ruhusa tuiweke karafuu kando kidogo, kwa sababu mwanachama mmoja ameniuliza swali linalostahiki jawabu ya wote. Alisema: "Bwana Katibu, mawe yale ya Ras Mkumbuu hayana mwenyewe. Mtu akichukua mawili matatu akatengenezea sakafu ya kuanikia karafuu, amemdhulumu nani?"

Ras Mkumbuu ni ncha nyembamba ya ardhi magharibi ya Chake Chake, mbele ya kijiji cha Ndagoni. Wakaazi wake leo ni wachache, na maisha yao ni uvuvi na vishamba. Mgeni huona minazi, mikoko na ngalawa zilizopandishwa pwani, kisha huona kuta za mawe katikati ya vichaka, akastaajabu.

Kuta hizo ni za mji mkubwa. Upo msikiti wa Ijumaa, na kibla chake kinatambulikana. Yapo makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Na desturi ya makaburi ya namna hii katika pwani yetu ilikuwa kupachika bakuli za kaure za China kwa pambo na kwa heshima ya maiti. Vipande vya vyombo vya China na vya nchi za Ghuba vimeonekana ardhini. Vyombo hivyo vililetwa na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurejea na kusi, kama walivyofanya manahodha mpaka zama za babu zetu.

Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba hapo katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 akaja Mark Horton, na chini ya msikiti ule zikaonekana alama za ibada ya kabla yake. Maana yake ni kwamba watu wa hapo walisali, wakajenga, kisha wajukuu wao wakajenga tena juu yake, karne baada ya karne. Mji ukahamwa kiasi cha karne ya 16.

Kuna jambo jengine kubwa zaidi. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Baghdad, ameandika kwamba mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917 Miladia, alisafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman. Ameeleza kwamba huko walikuwako Waislamu waliosema lugha ya Zinji. Wako wataalamu wasemao Kanbalu ni Pemba, na kwamba jina hilo na Mkumbuu ni kitu kimoja. Wengine hawakukubali, na mjadala unaendelea. Shahidi atakayeukata mjadala huo ni ardhi yenyewe na mawe yaliyomo.

Ukisimama ncha ya Ras ukatazama magharibi, utakiona kisiwa cha Misali, ambako kasa hupanda kutaga. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko akaomba msala wa kusalia. Msala haukupatikana, naye akasema basi kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho msala wake. Ndipo kikaitwa Misali.

Sasa sisi wakulima yatuhusu nini? Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzo wa karne ya 19, na ukaja kutangulia hapa Pemba baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mji wa Mkumbuu ulikuwa umekwisha kuwa gofu kabla ya hapo kwa karne nyingi. Pemba ilikuwa na jina kabla ya karafuu. Wareno walipokuja waliikuta kisiwa cha mpunga, kikiilisha hata Mombasa. Mtoto wetu akidhani kwamba kisiwa hiki kilianza na karafuu, basi siku bei itakapoanguka atadhani kisiwa nacho kimekwisha.

Narudi kwenye swali. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya pwani na chokaa. Lipu ikibanduka, mvua huingia ndani. Chokaa hulainika, mizizi ya miti ikapata njia. Ukuta wa namna hiyo husimama kwa kuegemeana. Atakayetoa mawe mawili matatu ya chini amewaondolea mamia ya juu mahali pa kukaa, na masika yatamaliza kazi. Zaidi ya hayo, jiwe lililokwisha kuhamishwa haliwezi tena kumwambia mtaalamu lilikuwa la msikiti au la nyumba. Sheria ya mambo ya kale inayalinda mawe hayo. Na sehemu yake ni makaburi ya Waislamu, ambayo heshima yake haihitaji kuelezwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, mwenyewe yuko: ni wewe, na mwanao, na marehemu waliolala pale. Sakafu ya karafuu itapatikana kwa mawe mengine. Tuyaache yale mahali pake, na tuwapeleke watoto wakayaone, vuno likishapita.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama