Kona Inayotaka Kuchomoka

Bomba la chini ya ardhi linalolisha vinyunyizio vya moto vya ghala, hoteli au hospitali mara nyingi huungwa kwa kuchomeka: ncha ya bomba moja huingia kwenye soketi ya jingine, na pete ya mpira huziba nafasi iliyobaki. Pete hiyo huzuia maji yasivuje. Haizuii bomba lisichomoke, na tofauti hiyo hupuuzwa mno.

Wengi hudhani kona husukumwa na mwendo wa maji. Lakini hata maji yakiwa yametulia tuli, shinikizo peke yake huisukuma kona kuelekea nje, na hali ni hiyo hiyo kwenye tii (kiungo cha njia tatu) na kwenye mwisho uliozibwa. Kwa bomba la chuma la inchi 6, lenye kipenyo cha nje cha milimita 170, shinikizo la baa 13.8 husukuma mwisho uliozibwa kwa nguvu ya tani 3.2 hivi, na kona ya nyuzi 90 hupata tani 4.5. Pampu ya moto ikiwaka ghafla, shinikizo hupanda zaidi. Ndiyo maana kiungo dhaifu huweza kukaa miaka bila tatizo, kisha kikaachia siku moto unapozuka.

Dawa ya zamani ni bonge la zege kati ya kona na ukuta wa mtaro. Kazi yake ni kuitawanya nguvu kwenye eneo kubwa la udongo. Udongo unaohimili kilonyutoni 100 kwa mita ya mraba huhitaji uso wa karibu nusu mita ya mraba kwa kona hiyo, kabla ya kuongeza ziada ya usalama. Zege likiegemea kifusi badala ya udongo ambao haujachimbuliwa, ni saruji iliyopotea. Hatari nyingine huja baadaye, mtaro wa kebo unapochimbwa nyuma ya bonge hilo kwa sababu hakuna aliyetunza ramani ya mabomba.

Njia bora zaidi ni kola ya chuma yenye kabari za meno. Bolti hukazwa hadi meno yaume ukuta wa bomba. Bomba likivutwa, kabari huteleza ndani ya nafasi yake na kuuma zaidi. Kichwa cha nati hukatika chenyewe ukazaji ukitosha, hivyo mkaguzi huona kwa macho kiungo kilichosahauliwa. Viungo kadhaa vilivyonyooka kila upande wa kona navyo hufungwa, kwa urefu unaotokana na hesabu.

Ziko pia nondo za kufungia zilizopakwa lami, mabomba ya kuchomelewa, na ya plastiki yaliyoyeyushwa yakashikana.

Kiwango cha Marekani cha NFPA 24 hutaka bomba lijaribiwe kwa shinikizo lisilopungua baa 13.8 kwa saa 2. Mwenye jengo na adai hati ya jaribio hilo, pamoja na picha ya kila kona kabla haijafukiwa.