Ni mwaka gani ndondi zilikuwa ndondi kweli?

Msomaji mpendwa, ukitaka kuvuruga chakula cha mchana cha Jumapili nyumbani kwako, usitaje siasa. Taja ndondi. Uliza tu ni mwaka upi mabondia walikuwa wakali kuliko miaka mingine yote, kisha sogeza kiti chako mbali kidogo na meza.

Mimi nilifanya kosa hilo majuzi. Baba mdogo, ambaye hutujia kila Jumapili baada ya ibada, alisema 1974 kabla sijamaliza swali. Mke wangu akasema 1988. Kijana wetu anayesoma chuo, ambaye hutazama mapigano kwenye simu hata saa za kudurusu, akatucheka sote na kusema 2024. Wali ukapoa mezani.

Kabla hujachagua upande, yafaa tukubaliane kuhusu kipimo. Pigano moja kubwa halitoshi kuupa mwaka sifa. Mathalani, Machi 8, 1971, Joe Frazier na Muhammad Ali walikutana ukumbini Madison Square Garden, New York, wote wawili wakiwa hawajawahi kushindwa. Frazier alimwangusha Ali katika raundi ya 15 na kushinda kwa pointi. Hilo lilikuwa pigano la karne, hakuna ubishi. Lakini ukiliondoa, je, mwaka wenyewe unabaki na nini? Mwaka wenye nguvu ni ule ambao hata ukiuondolea pigano lake kubwa kabisa, bado unasimama. Tena sharti walio bora wawe wamekutana na walio bora, si kila bingwa kujichagulia mnyonge wa kumpiga.

Sasa chukua 1974. Baba mdogo alikuwa kijana wakati huo, na husimulia hadi leo jinsi walivyoizingira redio asubuhi ya Oktoba 30. Pigano la Ali na George Foreman lilifanyika Kinshasa, nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Lilianza yapata saa kumi alfajiri ili Wamarekani walione usiku wao, na hapa Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili, watu wakijiandaa kwenda kazini. Awali lilikuwa limepangwa Septemba 25, likaahirishwa Foreman alipopasuka juu ya jicho mazoezini. Rais Mobutu alitaka dunia nzima iione nchi yake, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5.

Kumbuka Foreman alikuwa nani. Alikuwa na umri wa miaka 25, alikuwa ameshinda mapigano yote 40, na 37 kati ya hayo yalikwisha kwa nokauti. Frazier yule yule aliyemshinda Ali, Foreman alimlambisha sakafu mara sita katika raundi mbili jijini Kingston mwaka wa 1973. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya mwaka huo huo, naye hakumaliza raundi mbili mbele ya Foreman mjini Caracas mnamo Machi 1974. Ali alikuwa na miaka 32. Waliompenda walihofia maisha yake.

Kilichotokea unakijua. Ali aliegemea kamba, akajikinga uso, akamwacha jitu lile lirushe makonde mpaka mikono ikawa mizito kama ya mtu aliyebeba magunia mchana kutwa. Katika raundi ya nane akamwangusha. Baba mdogo anapofika hapa husimama na kutuonyesha jinsi Foreman alivyozunguka akianguka, na kila mara sisi huondoa glasi mezani.

Lakini haya, liondoe pigano hilo. Bado 1974 inabaki na Ali akimshinda Frazier kwa pointi katika pigano lao la pili, Januari 28. Inabaki na Carlos Monzon wa Argentina, bingwa wa uzani wa kati, akimlemea Jose Napoles jijini Paris hadi Napoles akashindwa kutoka kwa raundi ya saba. Inabaki na Roberto Duran wa Panama, ambaye Machi alikutana tena na Esteban De Jesus, mtu wa kwanza kuwahi kumshinda. De Jesus alimwangusha Duran katika raundi ya kwanza, kama alivyofanya mara ya kwanza. Safari hii Duran aliinuka na kumng'oa katika raundi ya 11. Inabaki na John Conteh wa Liverpool, ambaye babake alitoka Sierra Leone, akitwaa ubingwa wa dunia Wembley mnamo Oktoba 1. Na mnamo Novemba, Alexis Arguello wa Nicaragua akamzima Ruben Olivares katika raundi ya 13, ilhali Olivares ndiye aliyekuwa akiongoza.

Na sisi je? Hapa ndipo wengi husahau, na hapa ndipo baba mdogo alipopiga meza. Mwaka huo huo, Stephen Muchoki wetu alileta dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Christchurch, New Zealand, katika uzani mdogo kabisa, wa kilo 48. Mnamo Agosti yakafanyika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya mabondia wa ridhaa, jijini Havana, Cuba. Muchoki alifika fainali, akashindwa na Mcuba Jorge Hernandez nyumbani kwake. Ayub Kalule wa Uganda hakushindwa na mtu: alirudi na dhahabu. Hivyo basi, Afrika Mashariki haikuwa ikisikiliza redio tu. Ilikuwa ulingoni.

Mke wangu aliyasikiliza yote hayo kwa utulivu wa mtu anayejua atakalosema. Kisha akataja jina moja: Robert Wangila.

Msomaji, kama ulikuwa na akili zako mwaka wa 1988, huhitaji kukumbushwa. Katika fainali ya uzani wa welta kwenye Olimpiki za Seoul, Wangila alimzima Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika Olimpiki isiyotokana na riadha. Chris Sande akaongeza shaba. Isitoshe, katika Olimpiki hizo hizo Lennox Lewis alimshinda Riddick Bowe, na nyota hao wawili baadaye wakawa mabingwa wa dunia. Na Juni mwaka huo Mike Tyson alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, kwa sekunde 91 tu.

Hoja nzito, nakiri. Lakini Seoul ndiko Roy Jones alikonyimwa dhahabu mchana kweupe. Waamuzi watatu kati ya watano walimpa ushindi mwenyeji wake, Park Si-Hun, na aibu hiyo ikachangia kubadilishwa kwa mtindo wa kuhesabu pointi. Nacho kile kipimo cha walio bora kukutana? Tyson hakuwa na wa kumtoa jasho mwaka huo. Bingwa asiye na mpinzani hupendeza, ila hauongezei mwaka uzito.

Kijana naye hakukaa kimya. Mei 2024, huko Riyadh, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury na kukusanya mikanda yote minne ya uzani wa juu, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Desemba wakarudiana, Usyk akashinda tena. Oktoba, Artur Beterbiev na Dmitry Bivol, ambao hawakuwa wamewahi kushindwa, walikutana katika uzani wa kilo 79, na Beterbiev akashinda kwa tofauti ndogo. Jijini Tokyo, Naoya Inoue aliangushwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akainuka na kumzima Luis Nery. Kisha kijana akatoa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu: mnamo 1974 wanawake hawakuwa na nafasi Olimpiki wala Havana. Mnamo 2024, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon, alitwaa shaba jijini Paris, medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi.

Uamuzi wangu? 1974. Mabingwa walikuwa wachache kwa kuwa mashirika makuu ya kutoa mataji yalikuwa mawili tu, na mtu hakuweza kujificha kwa muda mrefu. Huyo wa 2024 anakuja wa pili, sikutarajia kuandika hivyo. Lakini mwaka wenye nguvu una bei yake. Ali aliishi miaka mingi akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson hadi alipofariki mwaka wa 2016. Wangila alifariki Las Vegas mnamo Julai 1994, siku mbili baada ya pigano, akiwa na miaka 26 tu.

Nilipotangaza uamuzi huo, baba mdogo alichekelea na kunipa mkono. Mke wangu alianza kukusanya sahani. Akauliza, bila kututazama, kama tunajua ni lini bondia wa Kenya alipata tena medali ya Olimpiki baada ya Wangila na Sande. Hakuna. Tena mwaka huo wa 2024 anaousifu kijana, Kenya haikuwa na bondia hata mmoja kwenye Olimpiki za Paris.

Baba mdogo alitazama saa yake, akaomba chai.