Je, Wajua? Njia ya Mashindano Ilipiwayo Ushuru

Je, wajua ya kuwa katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, iko njia ya mashindano ya motokaa iitwayo Nordschleife, sehemu ya Nürburgring iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo nyakati zisizokuwa na mashindano wala majaribio huachiwa umma, hata kila mwenye leseni na gari halali aweza kulipa ushuru langoni akaingia, kwani kisheria huhesabiwa barabara iendayo upande mmoja tu?

Urefu wake ni karibu kilomita 21, na baina ya mahali pa chini na pa juu kabisa pana tofauti ya mita 300 hivi. Basi mgeni, ajapokuwa dereva hodari, hukuta kona zaidi ya 70 zikimzukia nyuma ya vilima asivyotarajia, na huenda mvua ikanyesha upande mmoja hali upande wa pili jua lawaka. Jackie Stewart, dereva wa mashindano ya motokaa, aliipa lakabu ya Jahanamu ya Kijani, wala sidhani kuwa alitia chumvi: tarehe 1 Agosti 1976 Niki Lauda, bingwa wa dunia, aliungua vibaya humo, na langalanga, yaani mashindano ya Formula One, haikurudi tena katika njia hiyo.

Mgeni mwenye busara hushika upande wa kulia, akatazama kioo mara kwa mara, akawapisha waendao kasi wampite kushotoni. Kushindana ni marufuku.