Mvua Isiyolowesha: Vimondo, Majira na Istilahi za Kiswahili Ukambani

Utangulizi

Mkulima wa Kitui au Makueni akiambiwa kwamba usiku wa tarehe 13 Desemba kutakuwa na "mvua ya vimondo", neno litakalomshika sikio ni mvua. Si ajabu. Kaunti hizi mbili zimo katika nyanda kame za mashariki ya Kenya, na maisha ya wenyeji hupimwa kwa misimu miwili: uua, yaani mvua ya Machi hadi Mei, na nthwa, yaani mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tegemeo kubwa zaidi la mkulima. Makala haya yanadhamiria kueleza mvua ya vimondo ni nini, inalingana vipi na kalenda ya kijamii ya Ukambani, na kwa nini uteuzi wa istilahi katika suala hili si jambo la wasomi peke yao.

Vimondo na misimu yake

Nyotamkia inapolizunguka jua huacha nyuma yake mkondo wa vumbi na vijiwe. Dunia inapoukata mkondo huo, chembe huingia katika angahewa kwa kasi kubwa mno, hewa iliyo mbele yake ikagandamizwa na kupata joto kali, nazo zikateketea. Mwako huo ndio kimondo. Kwa kuwa Dunia huirudia njia ile ile kila mwaka, vimondo navyo hurudi katika tarehe zile zile. Hapa ndipo sitiari ya mvua inapofaa. Kama ilivyo nthwa, vimondo vina mwanzo wa matone machache, vina kilele, kisha hufifia.

Misimu miwili ya vimondo yafaa kutajwa. Perseidi hufikia kilele tarehe 12 au 13 Agosti, na asili yao ni nyotamkia iitwayo Swift-Tuttle. Kwa mtazamaji wa Kitui, aliye karibu na ikweta, chimbuko lao huchomoza mnamo saa sita usiku na kubaki chini upande wa kaskazini, hivyo yeye huona vimondo vichache kuliko mtu wa Ulaya. Jeminidi, yaani vimondo vya kundi la nyota la Mapacha, hufikia kilele tarehe 13 au 14 Desemba. Hawa hawakutokana na nyotamkia ya kawaida bali na gimba la mwamba liitwalo Phaethon, lililogunduliwa mwaka 1983. Mapacha huchomoza kaskazini-mashariki mnamo saa mbili usiku na kufika juu kabisa baada ya saa nane. Katika giza kamili, vimondo zaidi ya 100 huweza kuonekana kwa saa moja.

Kalenda ya jamii

Agosti ni kiangazi, na ndiyo miezi ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kwa mwethya, wenyeji wa Makueni na Machakos walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na wale wa Kitui wakajenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Aidha, Wakamba wana ngoma ya kilumi, ambayo imehusishwa tangu jadi na uganga na maombi ya mvua. Desemba nayo shule zimefungwa, watoto wako kwa susu zao, yaani nyanya, na walio kazini Nairobi na Mombasa huanza kurejea kwa ajili ya Krismasi. Mawingu ya nthwa yakifunguka, hadhira ya kutazama anga huwa tayari iko uani. Haihitaji darubini, macho yaliyozoea giza kwa nusu saa yanatosha.

Kiswahili nacho kina mahali pa kumwanzishia mtazamaji huyo. Mwanzoni mwa usiku huo kilimia huwa juu upande wa mashariki, na Mapacha hukifuata. Jina hili linatokana na kitenzi kulima, na lina ndugu zake hadi Afrika Kusini, ambako Waxhosa husema isilimela. Methali yetu yasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa hiyo lugha hii ilifungamanisha nyota na jembe zamani sana.

Tatizo la neno kimondo

Hata hivyo, neno kimondo limebebeshwa mzigo mzito. Hutumika kwa mwako upitao angani, na pia kwa jiwe au chuma kilichotua, kama Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania. Wengine huiita hata nyotamkia kimondo.

Uzito wa suala hili ulidhihirika tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa, kwa tathmini ya awali, ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kuiita pete ile kimondo kungekuwa zaidi ya kosa la kamusi. Kimondo hakina mwenyewe. Takataka ya angani ina mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unalitaka taifa lililorusha chombo lilipe fidia kwa madhara yatakayotokea ardhini. Kwa hivyo, mwanakijiji asiyepewa maneno mawili tofauti amenyimwa pia njia ya kuuliza: ni cha nani?

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kimondo kibaki jina la mwako, kilichotua kiitwe jiwe la kimondo au chuma cha kimondo, na vyombo vya binadamu viitwe takataka za angani. Pili, wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Ukambani wawahoji wazee juu ya majina ya ndata, yaani nyota, na shughuli zilizoambatana nazo, wayaandike kando ya yale ya Kiswahili. Usiku wa Jeminidi unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa mzee ataonyesha kwa kidole kile anachokitaja.