Gitaa Lisilopitia Spika: Kipimo Kitangulie Jina

Mzee mmoja mpiga gitaa, aliyekuwa akipiga katika bendi za dansi za hapa Visiwani tangu mimi nikiwa mtoto wa skuli, aliitwa siku moja kwenda kurekodi nyimbo zake za zamani. Studio yenyewe sitaitaja, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu. Ilikuwa na vyombo vya fahari, na miongoni mwavyo priampu iliyoagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Gitaa la mzee halikuwekewa maikrofoni mbele ya spika. Lilichomekwa kwa waya moja kwa moja katika chombo hicho, penye tundu la maikrofoni, na kazi ikaanza. Aliposikilizishwa alichokipiga, mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, gitaa langu mmelifunika blanketi?" Fundi akamjibu, "Usijali mzee wetu, tutalisafisha baadaye." Hapakuwa na la kusafisha. Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, na rekodi ile iliyofunikwa blanketi ndiyo pekee ya gitaa lake niijuayo.

Nayakumbuka hayo kila nisikiapo kwamba idara fulani au chuo fulani kinataka kununua vyombo vya kurekodia. Mazungumzo huwa juu ya jina la chombo na bei yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari ya kipimo kimoja ambacho, kwa upande wa gitaa, hutangulia jina na bei.

Yafaa kwanza tufahamiane kwa maneno. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Mafundi hukiita kifaa hicho pikapu, nacho hakina udugu wowote na gari ya kubebea ndizi. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule. Umeme huo ni dhaifu, kwa hiyo hupitishwa katika priampu, yaani chombo cha kuukuza kwa mara ya kwanza kabla haujafika kwenye mashine ya kurekodi. Kurekodi moja kwa moja ni kuuchukua umeme huo kwa waya, bila ya kupitia spika wala maikrofoni.

Kwetu sisi njia hii ina manufaa yaliyo dhahiri. Katika Mji Mkongwe nyumba zimebanana, vespa hazilali, na kunguru hawaombi ruhusa ya kuingia katika wimbo wa mtu. Anayeweka maikrofoni chumbani hurekodi na mtaa wake. Wala asidhani mtu kwamba hii ni njia ya wasiojiweza. Katika mji wa Detroit, huko Marekani, kampuni ya Motown iliyoanzishwa mwaka 1959 ilirekodi nyimbo zilizoenea ulimwengu mzima katika nyumba ya kawaida iliyogeuzwa studio, na magitaa ya Robert White, Eddie Willis na Joe Messina, pamoja na besi ya James Jamerson, yaliingia katika mashine kwa waya namna hiyo hiyo. Tofauti baina yao na studio niliyoisimulia ni kwamba mafundi wa Detroit walitengeneza visanduku maalumu vya kuunganishia magitaa, kwa sababu walijua pikapu inataka nini.

Pikapu ni mfano wa kisima chenye chemchemi ndogo. Ukichota kwa kata, taratibu, maji hubaki masafi na kina hakishuki. Ukitia pampu kubwa, utavuta tope. Kiasi ambacho chombo huchota kutoka katika pikapu hutegemea ukinzani wa kiingilio chake, nao hupimwa kwa ohm: ukinzani ukiwa mkubwa, chombo huchota kidogo. Tundu la maikrofoni kwa kawaida huwa na ukinzani wa baina ya ohm 1,500 na 3,000, na maikrofoni huridhika nao. Pikapu ya gitaa la kawaida, ukiipima kwa mita, mara nyingi yenyewe ina ohm 6,000 hadi 8,000. Na kwa kuwa ni koili, kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo ukinzani wake unavyozidi kupanda, mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana sauti nyembamba, zile zinazolipa gitaa uso wake, hupotea kwanza. Hilo ndilo blanketi la mzee. Priampu ikiwa ya thamani ya nyumba, madhali gitaa limechomekwa pasipo pake, blanketi litakuwapo.

Kiingilio kinachofaa ni cha ohm 1,000,000 au zaidi, kama kilivyo kiingilio cha amplifaya nyingi za gitaa. Vipo visanduku vya kuunganishia vinavyofika ohm 10,000,000. Vipo pia visivyotumia umeme wowote, vyenye transfoma tu ndani, ambavyo ni imara na huondoa mvumo kwa ustadi, lakini ukinzani wake mara nyingi ni kama ohm 140,000. Kwa kinanda cha umeme vyafaa sana. Kwa gitaa lenye pikapu ya kawaida hupunguza kidogo ung'avu. Wako wanaoupenda upungufu huo, nami sigombani nao, ilimradi wameuchagua wenyewe.

Mtihani mkubwa zaidi wa priampu, hata hivyo, ni ndugu wa gitaa hili ambaye kwetu ni mgeni: gitaa la Hawaii lenye pedali. Fundi anayeweza kulirekodi hilo hatababaishwa na jingine. Na asili yake ni kwa watu wa visiwani kama sisi. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, ambaye mwishoni mwa karne ya kumi na tisa alipiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Marekani nzima ilishikwa na mapenzi ya sauti hiyo. Lakini gitaa lililolazwa mapajani lilimezwa na ala nyingine za bendi, na haja ya kulipa nguvu ndiyo iliyomfanya George Beauchamp kuunda mwaka 1931 gitaa la umeme lenye umbo la kikaango, ambalo liliingia sokoni mwaka 1932. Hilo, gitaa la umeme la mwanzo kufanikiwa kibiashara, lilikuwa la Kihawaii.

Pedali zilikuja baadaye. Mwaka 1954 Bud Isaacs aliwashangaza wapigaji wenzake katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, kwa kuukaza uzi kwa mguu wakati bado unalia, sauti ikapanda ndani ya nyingine. Nashville ikalikumbatia gitaa hilo, lakini halikubaki huko. Mnigeria King Sunny Adé aliliingiza katika muziki wa juju, na mpigaji wake Demola Adepoju ndiye anayesikika pia katika sahani ya "Graceland" ya Paul Simon ya mwaka 1986.

Kwa nini gitaa hili ni gumu? Pikapu yake huzungushiwa waya mwingi zaidi, na aghalabu hupimwa ohm 15,000 hadi 20,000, kwa hiyo huumia upesi zaidi likiunganishwa vibaya. Tena mpigaji hutumia pedali ya kuongozea kiwango cha sauti. Hudonoa uzi pedali ikiwa nyuma, kisha huisukuma mbele polepole kadiri uzi unavyofifia, na hivyo mlio hudumu kama pumzi ya mwimbaji. Pedali nyingi za aina hiyo zina kidhibiti cha ohm 500,000, nacho kinapokuwa katikati ya mwendo wake huufanya umeme wa gitaa kuwa mnyonge zaidi, hata waya mrefu unaofuata humeza ung'avu. Dawa iliyozoeleka ni kuweka kisanduku kidogo cha kuupa umeme nguvu baina ya gitaa na pedali, kiwe cha vali au cha transista, na ndipo priampu ifuate. Aidha, sauti itakuwa kubwa ghafla pale mpigaji anapodonoa kwa nguvu pedali ikiwa imekwisha, kwa hiyo priampu iwe na nafasi ya kutosha juu isipasuke. Kiwango kipangwe kwa dono kali kuliko yote atakayopiga, wala si kwa zile za majaribio anazopiga huku akizungumza.

Ama juu ya vali na transista, wino mwingi umemwagwa. Vali huongeza unene fulani ambao masikio mengi huupenda. Transista nzuri hutoa kilichomo bila ya kuongeza lake. Kwa gitaa la pedali, ambalo aghalabu hupigwa kwa sauti safi, zote mbili hufaa. Mimi ningechagua iliyo safi, kwani unene waweza kuongezwa kesho, na uliorekodiwa hauondoki.

Jambo moja huwashangaza wanaoanza. Spika ya gitaa, iwe ya inchi 12 au ile ya inchi 15 ipendwayo na wapigaji wa pedali, hupunguza sana sauti zilizo juu ya mitikisiko kama 5,000 kwa sekunde. Ukiiondoa spika, ukali wote huo hubaki wazi na gitaa hukwaruza sikio. Hapo si kosa la priampu. Hupunguzwa kwa vidhibiti vya sauti, na gitaa la pedali mara nyingi hupunguzwa pia karibu na mitikisiko 800, linakopiga kelele za puani. Gitaa la umeme linalokusudiwa kunguruma lahitaji zaidi: chombo au programu ya kuigiza spika. Lililo muhimu ni kuihifadhi pia sauti mbichi, ili fundi mwingine baada ya miaka kumi apate kuipitisha katika amplifaya halisi.

Nimefika kwa waheshimiwa wenye kalamu za kuidhinisha. Mashine nyingi za kurekodia za siku hizi tayari zina tundu la ala lenye ohm milioni moja, na pengine chombo kinachoombwa kimo kabatini bila ya kujulikana. Kikaguliwe kwanza kilichopo. Ikibidi kununua, hati ya zabuni isiseme "priampu ya kisasa", neno lisilomfunga muuzaji kwa lolote, bali iseme: kiingilio cha ala kisichopungua ohm 1,000,000, swichi ya kukata waya wa ardhi, na umeme wa volti 230, mitikisiko 50. Hili la mwisho si dogo. Vyombo vingi vizuri hutoka Marekani, kwenye volti 120, na kisichogeuzika kikichomekwa ukutani kwetu huungua papo hapo. Fedha itakayobaki itengeneze waya wa ardhi wa jengo, ambao ukiwa mbovu hutia mvumo katika kila gitaa, na inunue waya fupi na plagi imara, kwani chumvi ya hewa yetu hula shaba.

Na siku mzigo utakapopokewa, mpiga gitaa awepo na gitaa lake na waya wake. Apige uzi mwembamba kuliko yote, sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, kwanza katika amplifaya aliyoizoea, kisha katika chombo kipya, naye aulizwe anasikia nini kabla ya karatasi ya mapokezi kutiwa saini.