Bendi Zilizopitwa na Wakati

Wazee husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Muhula huu sisi wapigaji wa bendi ya shule tumeonja maana yake. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza hawazipendi nyimbo zetu. Tukianza kupiga, wao hutoka nje. Baadhi yetu wasema tuziache zote tuige za wapya. Wengine wakataa katakata. Badala ya kuendelea kubishana, nimeonelea nieleze habari za watu waliopatwa na jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi, yaani bendi za muziki uitwao glamu metali.

Muziki huo ulisitawi Marekani katika miaka ya 1980, hasa katika vilabu vya Sunset Strip, Los Angeles. Magitaa yake yalikuwa na makelele, lakini viitikio vyake vilikuwa vyepesi kuimbika. Wapigaji wanaume walifuga nywele ndefu timtim, wakajipaka wanja na rangi za midomo, wakavaa suruali za ngozi za kubana. Televisheni ya MTV, iliyoanza mwaka 1981, iliwafaa sana, maana watu hawa walipendeza macho kama masikio. Mwaka 1983 albamu ya Quiet Riot iitwayo Metal Health ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard. Mötley Crüe, Ratt, Poison na Warrant nao wakavuma.

Basi, ni nini kilichowaangusha? Kwanza, kufanana. Kampuni za santuri zilipoona faida, ziliandika mikataba na bendi nyingi za namna moja, hata ikawa shida kuzitofautisha. Pili, wao waliimba anasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora. Tatu, katika mji wa Seattle walitokea wapigaji wa granji, waliovaa mashati ya kila siku na kuimba uchungu wa moyo. Vijana wengi wakajiona wenyewe ndani ya nyimbo hizo.

Mgeuko ulikuwa wa ghafula. Juni 1991 albamu ya Skid Row, Slave to the Grind, ilikuwa ya kwanza katika orodha ile. Septemba mwaka huo Nirvana wakatoa Nevermind, na Januari 1992 ikaiondoa Dangerous ya Michael Jackson kileleni. Miezi michache tu, na mambo yamegeuka!

Walioachwa nyuma walishika njia mbalimbali. Mötley Crüe waliachana na mwimbaji wao Vince Neil mwaka 1992, wakamchukua John Corabi, na mwaka 1994 wakatoa albamu ya sauti nzito zaidi. Haikuuzwa kama zile za zamani, na mwaka 1997 Neil akarudishwa. Bon Jovi walipunguza nywele na mapambo, wakatoa Keep the Faith mwaka 1992, lakini hawakujifanya watu wa Seattle. Mwaka 2000 wimbo wao It's My Life uliwapatia wasikilizaji wapya. Wengine walivumilia tu. Mwaka 2022 Mötley Crüe, Poison na Def Leppard wa Uingereza walizunguka pamoja wakipiga katika viwanja vikubwa vya michezo. Hata hivyo, nyimbo zilizowavuta watu huko zilikuwa hasa zile za ujana wao.

Naona funzo liko wazi. Mavazi huchakaa upesi, na mwigo hutambulika. Lakini asiyebadilika hata kidogo hubaki na wasikilizaji wa rika lake tu. Shauri langu kwa wenzangu ni hili: tuzishike nyimbo zetu nzuri, tutunge mpya zenye habari za maisha yetu ya sasa, na tuwaite wawili watatu wa kidato cha kwanza wapige pamoja nasi. Hao wanaotoka nje leo ndio watakaoshika magitaa haya tutakapoondoka.