Denis Mukwege: Daktari aliyerudishwa na wamama wa Bukavu

Katika komini za Kenya na Katuba, mjini Lubumbashi, mgonjwa asiye na pesa anajua shida ya kulipa hospitali. Huko Kivu Kusini, daktari mmoja ametumia miaka zaidi ya 30 akiwahudumia watu wa hali hiyo.

Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alisomea udaktari Burundi, kisha magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa. Mwaka 1989 alirejea Lemera, akawa mkuu wa hospitali. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi wakauawa.

Mwaka 1999 alianza upya mtaani Panzi, komini ya Ibanda. Nia yake ilikuwa wamama wazae salama, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu hapo, makumi ya maelfu ya wahanga wa ubakaji wametibiwa Panzi, bila kulipishwa.

Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake na kumuua mlinzi. Mukwege alikimbilia Ulaya pamoja na familia yake. Wamama maskini waliuza matunda na mboga ili wamlipie tiketi ya kurudi. Januari 2013 alirejea, umati ukimpokea barabarani.

Mwaka 2018 alipewa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini Panzi bado inategemea misaada ya wafadhili ili asiye na kitu atibiwe.